Maana ya Springi na Kififishi katika Hesabu za Elementi Finiti

Miongoni mwa maneno ya ufundi yaliyoingia katika Kiswahili kwa mlango wa gereji, springi na shokapu ni mawili yasiyomsumbua mtu. Fundi hulala chini ya gari, hukishika kitu kwa mkono, hukitaja jina, na msaidizi wake huenda dukani akarudi na kilicho sawa nacho. Neno na kitu vimeambatana. Taabu huanza maneno hayo yanapochukuliwa na kupelekwa katika programu za kompyuta ambazo wahandisi huzitumia kuiga mwendo wa magari, majumba na madaraja. Humo springi si chuma kilichosokotwa, wala shokapu si bomba lenye mafuta. Vyote viwili ni kanuni tu, tena kanuni isiyo na umbo wala uzito, isiyochukua nafasi yoyote. Mwanafunzi asiyeonywa mapema juu ya jambo hili huweza kuichora mashine yake vizuri sana na kuihesabu vibaya sana.

Yafaa kwanza kueleza mbinu yenyewe. Mbinu ya elementi finiti, yaani elementi zenye ukomo, jina ambalo Ray Clough alilitumia katika makala yake ya mwaka 1960, ni njia ya kukigawa kitu kizima katika vipande vidogo ili tabia yake ihesabike. Kila kipande ni elementi. Vipande hukutana katika vifundo, na vifundo hivyo ndivyo kompyuta inavyovifuatilia: kila kimoja kimesogea kiasi gani, na kuelekea wapi. Elementi nyingi zina mwili. Kipande cha boriti kina urefu na unene. Kipande cha bamba kina eneo. Na chuma kilichovifanya kina sifa zinazojulikana. Springi haina mwili huo. Mtumiaji huitajia programu vifundo viwili na namba moja, basi. Namba hiyo ndiyo ukakamavu wa springi, nayo huonyesha kani inayotakiwa ili vifundo viachane kwa kipimo kimoja cha urefu. Springi yenye ukakamavu wa nyutoni 20 kwa milimita, ikivutwa milimita 10, itavuta kurudi kwa kani ya nyutoni 200. Kanuni hiyo ni ya Robert Hooke, aliyeitangaza wazi mwaka 1678, na programu haikuiongezea kitu.

Pengine mwanasarufi wa Kiswahili ataielewa elementi hii upesi kuliko mhandisi, kwa kuwa lugha yake ina kauli inayoifaa, ile ya kutendana. Springi haijibu mwendo wa kifundo kimoja. Hujibu kuachana na kukaribiana kwa vifundo viwili. Vikiachana, hutaka kuvirudisha, vikikaribiana, huvisukuma. Na kani inayokipata kifundo cha kwanza ni sawasawa na ile inayokipata cha pili, ila imegeuza uso. Hesabu yake huandikwa katika jedwali dogo la namba, ambalo wanahisabati huliita matriksi, lenye mistari miwili: wa kwanza una ukakamavu chanya na ukakamavu hasi, wa pili una namba hizo hizo kwa mpango wa kinyume. Kila mstari ukijumlishwa hutoa sifuri. Sifuri hiyo si jambo la bahati. Maana yake ni kwamba vifundo vyote viwili vikisogea pamoja kwa kiasi kimoja, springi haihisi neno. Lori laweza kuvuka nchi nzima na springi zake zisijue kuwa limeondoka kituoni.

Kutokana na hayo hutokea kosa la kwanza la wanaoanza. Wakivifunga vitu viwili kwa springi na kusahau kukifunga angalau kimoja mahali fulani ardhini, kompyuta hulalamika kwamba hesabu haina jibu moja, nayo ina haki: kuna majibu yasiyo na mwisho, kwa sababu jozi nzima yaweza kuwa popote. Ndiyo maana programu huwa pia na springi ya kifundo kimoja, ambayo upande wake wa pili umeshikwa na ardhi isiyosogea. Hiyo si kauli ya kutendana tena.

Katika programu ya Abaqus tofauti hii imewekwa wazi katika majina ya elementi zenyewe. SPRING1 hukifunga kifundo kimoja na ardhi. SPRING2 huviunganisha viwili kwa mwelekeo uliotajwa tangu mwanzo, ambao haugeuki. SPRINGA nayo huviunganisha viwili, lakini mwelekeo wake ni mstari unaopita kati yao, na mstari ukigeuka springi hugeuka nao. Herufi moja ya mwisho yaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima. Mkono wa mashine unaozunguka nyuzi 40, ukifungwa kwa SPRING2, utaendelea kuvutwa kuelekea upande ule wa zamani, kama kwamba springi haikuona kuwa mkono umekwisha kuondoka. Liko na jambo lenye hila zaidi. Vifundo viwili vikiwa mbalimbali, mmoja kushoto na mmoja kulia, kisha vikaunganishwa kwa springi ya mwelekeo usiobadilika ambayo hufanya kazi juu na chini, kani zake mbili zitakuwa sawa na kinyume, lakini hazitakuwa katika mstari mmoja. Kani mbili za namna hiyo hukizungusha kitu. Mzunguko huo haukutoka kwa mtu yeyote wala chombo chochote. Umezaliwa na hesabu, na chuma halisi hakiujui. Kwa hiyo springi za aina hii ni afadhali ziwekwe kati ya vifundo vilivyo mahali pamoja, au vilivyopangwa katika mwelekeo ule ule wa springi.

Sasa kuhusu kile chombo cha pili. Kanuni yake yafanana na ya springi isipokuwa kwa jambo moja: springi huuliza vifundo vimeachana kiasi gani, nacho huuliza vinaachana kwa kasi gani. Kani yake ni namba fulani mara kasi hiyo. Vifundo vikitulia, hata kama vimetulia mbali na mahali pao pa asili, chombo hiki hakidai kitu. Kwa sababu hiyo katika hesabu ya kawaida ya vitu vilivyotulia, ambamo hamna muda wala kasi, chombo huonekana kwenye picha lakini katika hesabu hakipo. Wako waliokitegemea kibebe uzito, wakashangaa kuona mzigo umeanguka bila kizuizi.

Jina lake katika Kiswahili si jambo dogo. Shokapu ni neno zuri la gereji, lakini limetoka katika jina la Kiingereza linalodai kwamba chombo hiki hunyonya mshtuko, na dai hilo si kweli. Gurudumu likiingia shimoni, anayeupokea mshtuko ni springi. Kazi ya shokapu ni kuumaliza mwendo wa kupanda na kushuka unaofuata, kwa kuubadilisha uwe joto katika mafuta yake. Anayeigusa baada ya safari ya barabara mbovu huikuta ya moto. Lugha nyingine zimechagua njia nyingine. Kifaransa huita amortisseur, na ndani ya neno hilo mna mzizi wa kufa: ni chombo kinachoufisha mtikisiko. Kiarabu husema mukhammid, kutoka mzizi unaotumika kwa moto unapotulia na kuzimika. Kiswahili kingeweza kufuata njia hiyo na kusema kizimishi, ila kuzima ni tendo la mara moja, na mtikisiko hauzimwi hivyo. Hupungua, ukapungua tena, kila safari kwa sehemu ile ile ya uliobaki. Kitenzi kinachosema jambo hilo ni kufifia, ambacho watu hukitumia kwa sauti, rangi na mwanga. Ndiyo sababu jina kififishi linatumika katika makala hii, ijapokuwa, kama itakavyoonekana, nalo lina dosari yake.

Springi yenyewe haikuhitaji kubuniwa. Kamusi za zamani zina neno kamani, lililokuja kwa njia ya Kihindi kutoka neno la Kiajemi la upinde, na watengenezaji wa saa walilijua. Lakini kamani ilibaki ndani ya saa na kufuli. Barabarani springi ilishinda, na haielekei kurudi nyuma.

Mfano mmoja wa namba utaonyesha vyombo hivi vinavyoshirikiana. Tuseme robo ya gari dogo ina uzito wa kilo 300 na imekaa juu ya springi yenye ukakamavu wa nyutoni 20 kwa milimita. Kwa uzito wake tu itashuka milimita 147. Ikisukumwa na kuachwa, itapanda na kushuka mara 1.3 hivi kwa sekunde. Bila kififishi ingeendelea hivyo milele. Kuna kiasi cha ufifishaji ambacho kikifikiwa gari hurudi mahali pake bila kupitiliza hata mara moja. Kwa gari hili ni kama nyutoni 4,900 kwa kila mita moja kwa sekunde. Kiasi hicho huitwa kiwango cha ukomo, nacho huwa kipimo cha kulinganishia vingine vyote. Tuseme gari limepewa asilimia 30 yake, yaani nyutoni 1,470 kwa mita kwa sekunde. Mtikisiko ulioanza na milimita 100 utakuwa milimita 14 baada ya mzunguko mmoja, na milimita 2 baada ya wa pili. Abiria hatausikia wa tatu.

Namba hizi huharibika kwa urahisi wa kutisha, kwa kuwa programu nyingi za aina hii haziulizi vipimo. Huzidisha na kugawanya namba walizopewa, na mtumiaji ndiye mwenye dhamana ya kuhakikisha zinapatana. Mtu akipima urefu kwa milimita na kani kwa nyutoni, hana budi kuandika uzito kwa tani: 0.3, wala si 300. Akiandika 300, gari lake litapanda na kushuka mara moja kwa sekunde 24, kama jahazi kubwa katika bahari tulivu. Angalau kosa hilo huonekana kwa macho. Lile la kififishi hujificha, kwa kuwa mtikisiko unaofifia upesi mno hufanana sana na usanifu mzuri.

Mpango wa vyombo hivi nao una uzito wake. Springi na kififishi vikiwekwa kando kwa kando kati ya vifundo vile vile, mzigo hugawana kati yao, na mwishowe springi peke yake huubeba. Huo ndio mpango uliohusishwa na majina ya Kelvin na Voigt. Vikiwekwa kimoja baada ya kingine, kama viungo vya mnyororo, kani moja hupita katika vyote viwili, na mpango huu huitwa wa Maxwell. Gari la mfano huu likijengwa kwa mpango wa pili lingezama kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde bila kusimama, kwa kuwa kififishi hakijui kukataa uzito. Hujua tu kuuchelewesha. Katika ANSYS elementi iitwayo COMBIN14 huvibeba vyote viwili kando kwa kando. Abaqus huvitenga, na mtumiaji huvipanga mwenyewe. Hapa tena picha haisaidii, maana katika kioo cha kompyuta mipango hiyo miwili yaweza kuonekana kama mstari mmoja tu.

Mambo mawili yapitiwe kwa haraka. Springi ya chuma ina uzito, ya programu haina. Anayeutaka uzito huo lazima auongeze katika vifundo. Na springi ikishikwa na kifundo kimoja cha mwili mkubwa, kani yake yote huingia katika nukta, na kadiri vipande vinavyofanywa vidogo zaidi ndivyo mkazo wa mahali hapo unavyozidi kupanda bila kufikia namba ya kweli. Dawa yake ni kuisambaza kani hiyo katika eneo, kama kiti cha springi halisi kinavyofanya.

Tena, si kila ufifishaji una chombo chake. Jengo la saruji halina shokapu, na hata hivyo likitikiswa hutulia, kwa msuguano wa ndani wa vitu vilivyolifanya na wa viungo vyake. Wahandisi huuwakilisha ufifishaji huo kwa njia iliyopendekezwa na Lord Rayleigh katika kitabu chake cha nadharia ya sauti cha mwaka 1877: sehemu moja hulingana na uzito, na nyingine na ukakamavu. Njia hii hueleweka vema ikisomwa kwa lugha ya elementi. Sehemu ya ukakamavu ni kama kuweka kififishi kando ya kila springi iliyo ndani ya jengo. Sehemu ya uzito ni kama kukifunga kila kifundo kwa kififishi ambacho mwisho wake wa pili umeshikwa na ardhi. Hakuna aliyeviona vififishi hivyo vya pili, na kitu kinachoruka au kubingirika kikipewa sehemu hiyo hupunguzwa mwendo na breki isiyokuwapo.

Tukio moja limelifundisha somo hili kuliko vitabu vingi. Tarehe 10 Juni 2000, jijini London, lilifunguliwa daraja la miguu linaloitwa Millennium, lenye kuuvuka mto Thames kati ya kanisa kuu la St Paul's na jumba la sanaa la Tate Modern. Ni daraja jembamba, lenye nyaya zilizowekwa chini sana ubavuni, na sehemu yake ya kati ina urefu wa mita 144. Siku hiyo ya kwanza watu walimiminika kwa maelfu. Daraja likaanza kuyumba, si juu na chini kama ilivyotazamiwa kwa madaraja, bali kushoto na kulia, hata kufikia sentimita 7 hivi, na wapitaji wakashika vyuma vya pembeni. Tarehe 12 Juni likafungwa.

Hesabu za wasanifu hazikuwa na kosa la kuzidisha. Springi zilikuwamo, yaani ukakamavu wa nyaya na wa sakafu, uzito ulikuwamo, ufifishaji mdogo wa asili, chini ya asilimia 1 ya kiwango cha ukomo, ulikuwamo. Watu pia walikuwamo, lakini kama mzigo: kani inayokuja kutoka nje, yenye ukubwa wake, isiyojali daraja linafanya nini. Wahandisi wa kampuni ya Arup walipowatembeza watu darajani kwa makundi yaliyokuwa yakiongezwa kidogo kidogo, waliona jambo jingine. Kani ya pembeni ya kila mtembezi ilifuata kasi ya daraja lenyewe, kwa kadiri ya nyutoni 300 kwa kila mita moja kwa sekunde. Kani inayolingana na kasi ndiyo tafsiri kamili ya kififishi. Ila hii ilikwenda upande ule ule wa mwendo, haikuupinga. Kila mtu aliyetembea pale alikuwa kififishi chenye alama ya hasi. Watembezi wachache walikula sehemu ndogo ya ufifishaji wa asili na hakuna aliyetambua. Katika sehemu moja ya daraja, idadi ilipofikia 160 hivi, ufifishaji wote ukawa umekwisha kuliwa, na mtikisiko ukapanda ghafla. Hii ndiyo sababu majaribio ya watu wachache yasingaliweza kuonya lolote.

Dawa iliyotumika haikuwa ya kuongeza ukakamavu, ambao ungalibadili sura ya daraja zima, bali ya kuongeza ufifishaji. Viliwekwa vififishi vya mafuta 37, pamoja na vingine zaidi ya 50 vya namna iliyo na uzito wake wenyewe juu ya springi, ambao hutikisika badala ya daraja. Ufifishaji wa pembeni ukapanda hadi karibu asilimia 20 ya kiwango cha ukomo. Mnamo Januari 2002 watu wapatao 2,000 walipitishwa kwa majaribio, na tarehe 22 Februari mwaka huo daraja likafunguliwa tena.

Hapo ndipo dosari ya neno kififishi inapofunuka. Jina limetokana na kitenzi, na kitenzi kimeahidi matokeo: kinachoitwa kififishi lazima kifufishe mtikisiko, la sivyo jina ni la uongo. Lakini elementi haikuahidi matokeo yoyote. Imeahidi uhusiano tu kati ya kani na kasi, na alama ya namba ndiyo huamua kama mtikisiko utafifia au utakua. Kusema kififishi hasi ni kusema kizimamoto kinachochoma. Neno la mkopo kama springi halina hatari hii, kwa kuwa msikilizaji wa Kiswahili hasikii kitenzi chochote ndani yake. Halidai kitu, kwa hiyo halidanganyi. Wale wanaoyachukia maneno ya mkopo kwa kuwa hayana maana ya ndani wangefikiri tena: kuna mahali ambapo ukimya huo ndio sifa yake. Hata hivyo kuligeuza jina la chombo cha gereji kwa ajili ya daraja moja la London kungekuwa ni kuzidisha. Yafaa kififishi kibaki jina la chombo, na elementi iitwe elementi ya kasi, kama vile springi yaweza kuitwa elementi ya umbali, ili mtumiaji ajue kwamba ameandika uhusiano, na kwamba alama yake ni juu yake.

Habari ya watembezi wale haikuishia mwaka 2002. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba daraja liliyumba kwa sababu watu walipatanisha hatua zao, kama askari gwarideni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 na Belykh na wenzake ulionyesha kwamba upatanifu huo haukuwa wa lazima. Mtu akitembea juu ya sakafu inayoyumba huuweka mguu wake kidogo kando ili asianguke, kila mtu kwa mwendo wake mwenyewe, na kwa wastani tendo hilo dogo la kujisalimisha hulisukuma daraja upande lilikokuwa likienda.